Kuhusu mtoto kupunguziwa mionzi baada ya kemo

Dada wa Sakina, pole sana kwa kuuguza. Umeuliza kama ukubali daktari ampunguzie mwanao mionzi baada ya kemo (dawa za kuua saratani), maana majirani wanakuambia hiyo ni tiba ya wasio na hela. Mimi niko Moshi, nimeuguza binti mwenye saratani ileile ya nyuma ya pua, na nakujibu bila kuzunguka: kubali.

Mtu mzima mwenye ugonjwa huu hupigwa grei 70 hivi; grei ni kipimo cha dozi ya mionzi. Marekani walianza kuwapa watoto kemo kwanza, raundi 3 za sisplatini na fluorourasili, kisha wakapima. Uvimbe ukinywea vizuri, mtoto alipewa grei 61.2, ukikaidi, 71.2. Matokeo yalichapishwa 2019: miaka 5 baadaye, karibu watoto 9 kati ya 10 walikuwa hai. Wajerumani nao walitumia 59.4, na 54 kwa mtoto ambaye uvimbe umeisha kabisa. Kwa hiyo anayeamua ni uvimbe wenyewe ulivyoitikia dawa. Mwombe daktari akuonyeshe picha za kabla na baada ya kemo, uone kwa macho yako. Ila hesabu hizi usimpe mwenye mtoto wa rabdomayosakoma, saratani nyingine ya misuli, ile ina dozi zake.

Mbona wanahangaika na grei 10 tu? Njoo uone binti yangu akila. Tezi za mate ziliungua, ugali haupiti bila mchuzi mwingi, mtori ndio chakula chake. Shule anakwenda na chupa ya maji. Taya lilikaza, hivyo kila jioni anapanga vijiti bapa vya mbao kati ya meno, anaongeza kimoja kimoja hadi mdomo ufunguke. Tezi ya shingoni (thairoidi) inapimwa kwa damu kila mwaka, maana inaweza kupunguza kazi miaka mingi baada ya tiba. Masikio pia yapimwe, kwa sababu sisplatini huharibu usikivu na mionzi huongezea. Mtoto bado anakua, mifupa ya uso bado inakua. Kila grei anayoepushwa ina maana.

Msichopaswa kupunguza ni siku. Grei 61.2 kwa 1.8 kila siku ni siku 34, Jumatatu hadi Ijumaa. Mkiruka katikati, seli za saratani zinapata nafasi ya kuzaliana upya. Basi tafuteni mapema ndugu wa kufikia Dar, msiende Ocean Road, hospitali ya saratani, na nauli ya kurudi kila wikendi.

Na kabla hamjashuka Dar, mpeleke kwa daktari wa meno. Jino bovu ling'olewe sasa na kidonda kipone kwanza. Taya lililopigwa mionzi hupona kwa shida sana.