"Anajieleza vizuri" haimaanishi anajitegemea

SWALI: Shikamoo daktari. Kaka yangu ana miaka 31 na ana usonji. Tuliomba msaada wa ustawi wa jamii zaidi ya mwaka mmoja uliopita, bado tuko kwenye foleni. Ofisa aliyeongea naye kwa simu aliandika kwamba "anajieleza vizuri na anajitegemea". Nisipokuwepo hakumbuki kula, hafungui barua, haendi hospitali. Nifanyeje?

JIBU: Marahaba, dada. Anza na sentensi ya huyo ofisa, maana ndiyo inayowaweka nyuma ya foleni. Kwa watu wenye usonji ambao akili yao ni ya wastani au zaidi, uwezo wa kuendesha maisha ya kila siku mara nyingi huwa chini kuliko akili inavyopimwa. Mtu anakufafanulia sheria ya kodi bila kukosea, halafu anashinda na njaa kwa kuwa ameshindwa kuanza kupika. Simu fupi haiwezi kuliona hilo. Tena wengi wamejizoeza tangu utotoni kuficha usonji wao mbele ya wageni, na uchovu wake huwaangusha wakishabaki peke yao.

Kwa wiki mbili, andika kila unachomfanyia: umemkumbusha mara ngapi, umekaa naye muda gani, na hasa nini kilitokea siku ambayo hukuwepo. Usiandike "ana shida ya kula". Andika "Jumanne sikwenda, alikula mara moja tu, saa nne usiku, nilipompigia". Fanyeni kazi hiyo pamoja, na kwa ridhaa yake. Ni mtu mzima, na yapo asiyokuambia. Kisha ombeni kwa maandishi tathmini ya utendaji wa kila siku, kwa mfano kwa kipimo cha Vineland (maswali kwa anayemfahamu vizuri kuhusu anavyojimudu kila siku), na mawasiliano yawe ya maandishi kama simu humchosha.

Ila kuna mambo yasiyongoja foleni. Akipoteza ghafla uwezo aliokuwa nao, apimwe mwili kwanza: wengi wenye usonji huchelewa kutambua au kueleza maumivu, na jino bovu linaweza kumbadilisha mtu kabisa. Akitaja kufa, hata kwa sauti tulivu, mpeleke hospitali siku hiyohiyo. Hatari ya kujiua kwa watu wazima wenye usonji ni kubwa kuliko kwa wengine, na huenda uso wake usioneshe lolote.

Mwishoni mwa barua ya kuomba tathmini, eleza nani atashika nafasi yako ukiugua. Kama hakuna, andika hivyohivyo: hakuna.