Tumewasomea watoto rasimu, wakasema ni nzuri: je, wamesikilizwa?

Swali: Mimi ni afisa mipango wa mji, na tunaandaa sera ya usafiri wa umma. Wakubwa wametaka ushahidi kwamba watoto wamesikilizwa. Tulialika viongozi 12 wa wanafunzi, tukawasomea rasimu, wakaipongeza. Inatosha? Na tukishawasikiliza, tunalazimika kufuata wanachotaka?

Jibu: Haitoshi, ndugu yangu, na kasoro si hiyo 12. Msitishwe na Kamati ya Haki za Mtoto ya Umoja wa Mataifa, ambayo ilipoandaa Maoni ya Jumla Na. 26 ya 2023 kuhusu mazingira (Maoni ya Jumla ni ufafanuzi wa Kamati hiyo juu ya Mkataba wa Haki za Mtoto) ilipokea michango zaidi ya 16,000 ya watoto. Mji hauhitaji idadi hiyo. Kasoro ni kwamba mliwaita kazi ikiwa imekwisha. Anayesomewa rasimu iliyokamilika, mbele ya watu wazima walioiandika, atasema nini zaidi ya hongera?

Ibara ya 12 ya Mkataba wa Haki za Mtoto wa 1989 inampa kila mtoto anayeweza kuwa na maoni yake haki ya kuyatoa kwa uhuru katika mambo yote yanayomhusu, nayo yapewe uzito kulingana na umri na ukomavu wake. Maoni ya Jumla Na. 12 ya 2009 yanafafanua kwamba haki hiyo ni ya mtoto mmoja mmoja na ya watoto kama kundi, na yanazishauri serikali zisiweke umri wa chini.

Kwa hiyo rudini nyuma ya rasimu. Badala ya kuuliza "mnaionaje sera yetu?", waulizeni safari zao zinakwamia wapi. Mtoto wa miaka saba hatawajadilia nauli, lakini mpeni karatasi achore njia ya kituoni na ataonyesha mahali anapoogopa kuvuka. Viongozi wa wanafunzi mara nyingi huteuliwa kwa sababu wanaongea vizuri. Wabakizeni, ila mtafuteni pia anayetumia kiti cha magurudumu, kiziwi (pamoja na mkalimani wa lugha ya alama), na asiyesoma kabisa, ambaye barua mliyopeleka shuleni haikumfikia. Wasichana wakae peke yao kwa sehemu ya mazungumzo. Kuna mambo ya ndani ya basi hawatayasema mbele ya wavulana, wala mbele ya mwalimu.

Hapo ndipo penye hatari. Mtoto akieleza kwamba amedhalilishwa, nani anapokea taarifa, na siku hiyohiyo anafanya nini? Kama hamna jibu, ahirisheni kikao. Ridhaa ya mzazi au mlezi haiondoi ridhaa ya mtoto mwenyewe, na akitaka kutoka katikati, aachwe atoke bila kuhojiwa. (Picha za watoto wameshika mabango zinaweza kusubiri. Sera nyingi zina picha hizo na hazina lolote lingine.)

Swali lako la pili: la, hamlazimiki. Watoto hawakupewa turufu. Wakitaka kituo mahali ambapo mhandisi anasema magari hayawezi kusimama kwa usalama, mhandisi anaweza kushinda. Ila Ibara ya 3 ya Mkataba huohuo inataka maslahi bora ya mtoto yapewe kipaumbele katika uamuzi, na Maoni ya Jumla Na. 14 ya 2013 yanasema uamuzi ukitofautiana na maoni ya mtoto, sababu ielezwe waziwazi. Andaeni jedwali fupi: walichosema, tulichobadilisha, tulichokiacha na kwa nini. Liambatishwe kwenye rasimu inayokwenda kwa watoa uamuzi, kisha lirudi kwa watoto wenyewe kwa lugha wanayoielewa.

Kama tarehe ya kuwasilisha haisogezeki, andikeni kilichotokea kweli: viongozi 12 wa wanafunzi walisomewa rasimu. Kisha orodhesheni mambo ambayo bado hayajafungwa, kama vile mahali pa vituo, ratiba za asubuhi na njia ya kupokea malalamiko, mpange kuwauliza watoto kabla ya mpango wa utekelezaji kupitishwa.