Jibu: Sikukuu zinakaribia, kazi zimenizidi, nianzie wapi?

Pole sana dada, nimekusoma vizuri, ofisini wanataka ripoti za kufunga mwaka, nyumbani wageni wanakuja, watoto wamefunga shule na wewe unalala saa saba usiku mambo bado yamejaa kichwani.

Anza kwa kuyatoa humo kichwani. Chukua karatasi moja andika kila kitu, hata kale kadogo ka kununua betri ya saa ya ukutani, halafu mbele ya kila kimoja weka tarehe na jina la atakayefanya, na tafadhali majina yote yasiwe lako! Mume yupo, watoto wakubwa wapo, hata wageni waambie mapema waje na kitu.

Tarehe zipange kwa kurudi nyuma. Wageni wanafika 24? Basi manunuzi yaishe 20, usafi mkubwa 22, na 23 iache tupu kabisa maana lazima kuna kitu kitachelewa tu.

Bosi muulize ipi lazima iishe kabla ya likizo na ipi ingoje Januari. Mialiko nayo, sema "asante, mwaka huu sitaweza" inatosha, usianze kujieleza.

Hela panga kabla hujatoka nyumbani, na mikopo ya haraka ya kwenye simu kwa ajili ya zawadi usiguse, riba yake inauma.

Ila ukipata nafasi ya kulala na usingizi hauji, moyo unaenda mbio, unalialia kama wiki mbili hivi, muone daktari, usisubiri sikukuu ziishe.