Maswali ya Wasomaji: Faili Halijulikani kwa Mkia Wake

Barua za mara hii zimetoka Gulu, Entebbe, Mbarara, Soroti na Kasese, na zote zinauliza jambo moja kwa njia tofauti: mafaili ya data ya kisayansi ambayo ukiyafungua kama barua ya kawaida hutoa vibambo vya ajabu. Mafaili hayo huitwa ya bainari. Maswali tumeyafupisha, majibu tumeyaacha yalivyo.

SWALI: Nafanya utafiti wa mvua na mazao. Nilipakua faili la mvua lenye mkia wa .nc, nikaandika open("mvua.nc") kwenye Python, nikajaribu kulisoma. Likanirudishia: 'utf-8' codec can't decode byte 0x89 in position 0. Mwenzangu akanishauri niongeze encoding="latin-1". Kosa limeondoka, ila kinachotoka ni takataka tupu. Faili limeharibika?
*Mwanafunzi, Gulu*

JIBU: Ndugu mwanafunzi, hakuna dalili kwamba limeharibika. Kosa ulilolipata ndilo linaloelekea kukuambia faili ni la aina gani. Baiti ya kwanza yenye thamani 0x89 (0x huonyesha namba ya msingi wa 16) ni mwanzo wa alama ya HDF5, muundo wa kuhifadhi data ya kisayansi, na NetCDF-4, muundo wa mafaili ya .nc kama lako, kwa ndani ni HDF5. Alama nzima ina baiti 8: 89 48 44 46 0D 0A 1A 0A. Hizo tatu zinazoanzia ya pili ni herufi HDF.

Ulipoandika open bila kutaja namna, Python ilidhani unafungua maandishi ikajaribu kuyasoma kama UTF-8, yaani mpangilio wa kugeuza baiti kuwa herufi. Katika UTF-8 hakuna herufi inayoweza kuanza na 0x89, ndiyo maana ikakwama kwenye nafasi ya 0. Kwenye Windows huenda ungeona neno 'charmap' badala ya 'utf-8', na pengine kosa lingechelewa kidogo. Ugonjwa ni uleule.

Ushauri wa latin-1 ni wa hatari kuliko kosa lenyewe. Latin-1 ina herufi kwa kila baiti, kuanzia 0 hadi 255, kwa hiyo haikatai chochote. Lakini bado uko kwenye namna ya maandishi, na humo Python hugeuza kila 0D 0A kuwa 0A, na kila 0D iliyo peke yake pia kuwa 0A. Katika maandishi huo ni mwisho wa mstari. Katika data hiyo 0D ni kipande cha namba ya mvua ya Kitgum au Lamwo. Ukishaipoteza baiti moja, kila namba inayofuata imesogea hatua moja, na hakuna onyo lolote.

Anza hivi:

print(open("mvua.nc", "rb").read(8))

Herufi b ndiyo inayosema "bainari, usiguse kitu". Wanaotumia C kwenye Windows wasiisahau kabisa: humo namna ya maandishi huichukulia 1A kuwa mwisho wa faili, kwa hiyo faili la HDF5 la gigabaiti nzima husomeka baiti 5 tu kisha kimya. Waliobuni alama hiyo waliziweka 0D 0A na 1A makusudi, ili faili lililopitishwa njia ya maandishi ligundulike mapema.

Ukishaona baiti za mwanzo, utajua chombo cha kutumia. Herufi CDF zikifuatwa na 01, 02 au 05 ni NetCDF ya zamani, ambayo si HDF5 ingawa mkia ni uleule .nc. Herufi GRIB ni data ya utabiri wa hali ya hewa, na kila ujumbe ndani yake huishia kwa 7777. HDF4, ndugu mkubwa asiyeelewana na HDF5, huanza na 0E 03 13 01. Ukiona 1F 8B au herufi PK, faili limebanwa kwa gzip au zip, lifungue kwanza. Na ukiona "<!DOCTYPE" au "<html", hukupakua data hata kidogo. Umehifadhi ukurasa wa kuomba nywila, jambo la kawaida sana kwenye Wi-Fi ya bweni au pale akaunti yako ya kupakulia ilipokwisha muda. Faili la namna hiyo huwa na kilobaiti chache tu, kwa hiyo tazama ukubwa kabla ya kulaumu programu.

Lako, kwa kuwa ni 0x89, usilisome kwa open. Sakinisha maktaba ya netCDF4, kisha:

import netCDF4
f = netCDF4.Dataset("mvua.nc")
print(f.variables.keys())

Kama hutaki kuandika programu, amri ya ncdump -h mvua.nc itakuonyesha majina, vipimo na vizio bila kumwaga namba zenyewe. Usiisahau hiyo -h. Bila hiyo skrini itamwaga namba mpaka umeme ukatike.

SWALI: Nimepata faili la miinuko N00E032.hgt. Nimelisoma kwa numpy, maktaba ya Python ya hesabu, kama namba nzima za biti 16 bila kosa lolote. Lakini Ziwa Victoria linatoka na kimo cha mita 28,164! Nimekosea wapi?
*Mchora ramani, Entebbe*

JIBU: Ssebo, ziwa halijapaa. Uso wake uko kama mita 1,134 juu ya usawa wa bahari, na 1,134 kwa baiti mbili ni 04 6E. Zigeuze ziwe 6E 04 upate 28,164. Faili limeandikwa baiti kubwa ikiwa mbele, na kompyuta yako, kama karibu zote za leo, inatarajia ndogo iwe mbele. Tiba ni kibambo kimoja:

np.fromfile("N00E032.hgt", dtype=">i2")

Alama > inamaanisha kubwa mbele, na < ndogo mbele. Una bahati kwamba ziwa lilikushtua. Sehemu zisizo na data katika miinuko hii huandikwa -32768, na ukiisoma kinyume inakuwa 128, namba ambayo ingepita mbele ya macho ya mtu yeyote kama bonde.

Mafaili ya .hgt yanatokana na rada iliyorushwa na chombo cha anga cha Marekani, Endeavour, mwezi Februari 2000. Hayana kichwa wala maelezo yoyote ndani. Ni namba tu, mstari baada ya mstari. Kila unachohitaji kujua kiko nje ya faili, yaani kwenye jina na ukubwa. Jina hutaja kona ya kusini-magharibi, kwa hiyo N00E032 ni kuanzia ikweta hadi nyuzi 1 kaskazini, na kuanzia 32 hadi 33 mashariki: Entebbe na Kampala zimo. Mbarara, iliyo kusini ya ikweta, imo kwenye S01E030, si S00E030 kama wengi wanavyobahatisha. Ukubwa ukiwa baiti 2,884,802 ni mraba wa 1201 kwa 1201. Ukiwa 25,934,402 ni 3601 kwa 3601. Ukubwa mwingine wowote, upakuaji ulikatika au faili bado limebanwa.

Kuna mtego wa pili: jina hutaja kona ya kusini, lakini mstari wa kwanza ndani ya faili ni wa kaskazini. Ukisahau, ramani itakuwa kichwa chini miguu juu. Chukua katikati ya Kampala, nyuzi 0.3163 kaskazini na 32.5822 mashariki, katika faili la 1201. Mstari ni (1 − 0.3163) × 1200, yaani 820. Safu ni 0.5822 × 1200, yaani 699. Nafasi ya baiti ni (820 × 1201 + 699) × 2, sawa na 1,971,038. Ruka hadi hapo kwa seek, soma baiti mbili, na utapata namba inayozunguka 1,200, zaidi au pungufu kidogo kwa sababu ya vilima. Ukipata hiyo, umesoma sawasawa.

SWALI: Nina faili la mvua la CHIRPS la kila siku kwa mwaka mzima. Kwenye diski ni kama gigabaiti moja, na laptopu yangu ina memori ya gigabaiti 8. Mbona ikilifungua inaganda?
*Mwalimu, Mbarara*

JIBU: Mwalimu, gigabaiti moja ni ukubwa wa faili likiwa limebanwa. CHIRPS toleo la 2.0 ina vipande vya nyuzi 0.05 kutoka latitudo 50 kusini hadi 50 kaskazini, dunia nzima kwa upana: safu 7200 na mistari 2000. Kila namba ni baiti 4. Siku moja ni baiti 57,600,000, na siku 365 ni gigabaiti 21. Laptopu yako haina kosa.

Kufungua na kupakia ni mambo mawili. Xarray, maktaba nyingine ya Python, ikifungua faili husoma kichwa tu, sekunde chache. Kinachoua kompyuta ni kuita load, au kuandika [:] kwenye netCDF4, kabla ya kukata. Kata kwanza:

import xarray as xr
d = xr.open_dataset("chirps.nc")
ug = d["precip"].sel(latitude=slice(-1.5, 4.25), longitude=slice(29.5, 35.05))
ug.to_netcdf("mvua_uganda.nc")

Uganda nzima hapo ni kama vipande 115 kwa 111, na mwaka wote ni megabaiti 19 hivi kabla ya kubanwa. Faili hilo dogo ndilo la kuwagawia wanafunzi kwa flashi. Msiwaache arobaini wakipakua dunia nzima kwa bando lao.

Angalia latitudo zinapanda au zinashuka. Data za ERA5, mkusanyiko wa hali ya hewa wa dunia nzima, huanza 90 kaskazini kwenda kusini, na kwa hizo lazima uandike slice(4.25, -1.5). Ukikosea mpangilio hupewi kosa, unapewa jedwali tupu lenye ukubwa wa 0. Na usiandike kitanzi kinachofungua faili upya kwa kila wilaya: data imebanwa kwa vifungu, na kuomba namba moja hulazimisha kifungu kizima kifumuliwe. Fungua mara moja, kata, kisha zunguka wilaya zako ndani ya memori.

SWALI: Nilifungua faili langu la HDF5 kwa h5py.File("data.h5", "w") nikitaka tu kuangalia kilichomo. Sasa halina kitu. Linarudi?
*Soroti*

JIBU: Pole, ndugu yetu. Kwa njia hiyo halirudi. Herufi "w" hufuta faili lililopo wakati ule ule linapofunguliwa, kabla hujaandika hata namba moja. Tafuta nakala. Kwa kusoma, andika "r" kila mara hata pale unapodhani ndiyo kawaida, kwa maana matoleo ya h5py, maktaba ya Python ya kusomea HDF5, kabla ya 3.0 yalikuwa na kawaida nyingine. Mafaili ghafi yafungie uandishi kwa chmod a-w, ili siku kidole kikiteleza upate kosa badala ya msiba.

SWALI: Kituo chetu cha hali ya hewa hurekodi kila dakika kwenye kadi. Mwongozo unasema kichwa ni baiti 64, kisha rekodi za baiti 10: muda 4, unyevu 2, joto 4. Nikitumia struct.unpack("IHf") inadai baiti 12. Faili lina baiti 144,064.
*Fundi, Kasese*

JIBU: Fundi, mwongozo wako uko sahihi. Usipoweka alama mwanzoni, struct ya Python hufuata desturi ya lugha ya C ya kupanga namba ya baiti 4 kwenye nafasi inayogawanyika kwa 4. Muda unachukua 0 hadi 3, unyevu 4 na 5, kisha baiti mbili tupu zinapachikwa, joto linaanzia 8. Jumla 12. Andika "<IHf" na upachikaji unakwisha: 10 kamili. Hapa tunachukulia kifaa chenu kinaandika ndogo mbele. Namba zikitoka za ajabu, jaribu ">IHf".

Hesabu yako inakubali: 144,064 ukitoa 64 ni 144,000, gawa kwa 10 ni rekodi 14,400, na kwa rekodi moja kila dakika hizo ni siku 10 barabara. Siku ikibaki salio, kwa kawaida rekodi ya mwisho ilikatwa na umeme. Itupe hiyo peke yake. Badala ya kitanzi, soma zote kwa mpigo:

np.fromfile("kituo.bin", dtype=[("muda","<u4"),("unyevu","<u2"),("joto","<f4")], offset=64)

Muda ukiwa ni sekunde tangu 1970, kwa miaka hii utaona namba zinazoanza na 17. Kwa kawaida ni saa za UTC, basi ongeza saa 3 kabla ya kulinganisha na saa ya ukutani.

SWALI: Wastani wa mvua ya mwezi umetoka hasi. Halafu faili jingine la joto linanipa namba nzima za maelfu kwa h5py, lakini netCDF4 inanipa namba za kawaida. Nimwamini nani?
*Msomaji mwingine wa Gulu*

JIBU: Mvua hasi ni -9999 iliyoingia kwenye wastani, ni alama ya "hapana data". Soma sifa ya _FillValue na uiondoe kabla ya kujumlisha. Kuhusu joto, zote mbili zinasema kweli. Namba zilifungashwa kuwa nzima ili zichukue nafasi ndogo, na netCDF4 hufungua furushi yenyewe. H5py haifungui: zidisha kwa scale_factor kisha ongeza add_offset, kwa mpangilio huo. Utakachopata kikizunguka 295, hiyo ni Kelvin; toa 273.15.