Shairi la kujifungua: usiufute ubeti wenye ugomvi

SWALI: Nimetunga tarbia (shairi la mishororo minne kila ubeti) ya beti nne kuhusu kuzaliwa kwa mwanangu wa kwanza. Ubeti wa pili unaanza hivi:

Nilikushika mkono, sikukujua mgeni,
Kilio chako sindano, chachoma masikioni.

Wenzangu wa kikundi cha ushairi wanasema mama hawezi kumwita mwanawe mgeni. Wanataka niandike "Nilikushika kwa penzi, wangu mwana wa thamani". Nifanyeje?

JIBU: Dada, mshororo wa kwanza uache ulivyo. Mapenzi unayoambiwa uyaongeze yameshakaa ndani ya "nilikushika": mkono umemkamata mtu ambaye akili bado haijamtambua. Ukiandika "kwa penzi" umesoma hukumu kabla kesi haijasikilizwa. Isitoshe, "penzi" linavunja kina chako cha kati, yaani silabi inayofunga nusu ya kwanza ya kila mshororo, -no, nawe utalazimika kubadili mishororo mingine ili ifuate -nzi. Maneno yatakayokuja mbio ni yaleyale: simanzi, majonzi, mwenzi, enzi. (Wapo wanaochomeka hata "mzazi" hapo wakidhani -zi na -nzi ni kina kimoja. Sivyo.)

Kasoro yako iko mshororo wa pili. "Sindano" limeitwa na kina, halikuitwa na kilio. Jaribu "Kilio hakina neno, nami nikujibu nini". Mizani, yaani hesabu ya silabi, ni nane kwa nane, vina ni vilevile, na sasa kuna watu wawili wanaotafutana bila lugha.

Linalonichosha zaidi ni imani kwamba ugomvi wa mama na mtoto ni doa, na lazima ufutwe kabla shairi halijaisha. Katika tarbia hatari hiyo hujificha kwenye kibwagizo, mshororo wa mwisho, maana kinarudi kila ubeti. Kikiwa "Mwanangu ninakupenda", kitazima moto kila baada ya mishororo mitatu, na msomaji ataacha kuamini lolote ulilosema juu yake. Tafuta kibwagizo kinachogeuka maana bila kugeuka maneno, mfano "Lala mwanangu nilale, usiku nao ulale". Ubeti wa kwanza ni ombi. Wa tatu, mama akiwa hoi, ni amri. Wa nne, ukimweka mtoto ana homa, ni hofu. Hukubadili hata silabi moja.

Sylvia Plath, Mmarekani, alifanya jambo la namna hiyo mwaka 1961 katika "Morning Song", shairi la mishororo 18 lisilo na vina vya kupangwa. Neno upendo linalifungua shairi, kisha halirudi tena. Katikati mama anamwambia mtoto kwamba yeye si mama yake zaidi ya wingu lililoacha dimbwi la maji. Lakini usiku, kilio kimoja tu, anainuka kitandani akipepesuka. Hakanushi alichosema kuhusu wingu. Anaamka tu, na vyote viwili vinabaki.

Kisha watakuja wale wa kupima afya ya mshairi kwa mshororo mmoja: "Huyu hakumtaka mtoto." Nafsineni, yaani anayesema ndani ya shairi, si mtunzi. Mshairi Mkenya Abdilatif Abdalla ni mwanamume, na katika "Usiniuwe!", shairi lililomo ndani ya diwani yake Sauti ya Dhiki (1973), anayesema ni mtoto aliye tumboni, akimsihi mama yake asimtoe. Hakuna anayedhani Abdilatif alilitunga akiwa tumboni, ila mwanamke akiandika "mgeni" anaulizwa kama anampenda mwanawe.

Na jihadhari na wauza violezo, hasa Siku ya Mama inapokaribia: ubeti wa uchungu, ubeti wa machozi, ubeti wa shukrani, jaza jina la mtoto hapa. Mizani yake haina kosa. Lakini muulize aliyekuuzia chumba kilikuwa na joto au baridi, nani alikikata kitovu, mama aliomba nini cha kwanza baada ya kujifungua. Hana jibu, kwa sababu kiolezo kilikamilika kabla mtoto hajazaliwa. Majibu unayo wewe. Yaweke kwenye ubeti wa tatu, ambao ndio bado mwembamba.