Kwa Wewe Unayeanza Kazi ya Vihisi vya Tahadhari Mombasa

Ukianza kazi hii, kila mtu atakuuliza betri inakaa muda gani. Jibu uwe nalo, ila usisahau swali kubwa zaidi: usiku ambao masika imeshuka bila kukatika na bamvua, yaani maji makubwa ya bahari, imekutana nayo, kituo chako (kihisi, betri na redio yake) kitasema? Mtandao wa tahadhari ya mafuriko tunauweka kwa ajili ya saa chache katika mwaka mzima. Nishati tunayobana siku nyingine zote, tunaiwekea saa hizo.

Hesabu yenyewe ni nyepesi, ifanye kabla ya kununua chochote. Chukua betri ya lithiamu ya mAh (miliampea-saa) 2,600. Redio ikikaa macho muda wote ikisikiliza, ikila mA (miliampea) 12, betri imekwisha baada ya siku 9 hivi. Kituo hichohicho kikilala kwa maikroampea 10 (mA 0.01), kisha kiamke kila dakika 15 kwa sekunde 2 tu, kipime na kutuma kwa mA 40, wastani unashuka hadi karibu mA 0.1. Kwa karatasi hiyo ni takriban miaka 3. Punguza kwa sababu ya joto letu, na kwa sababu betri hupungua hata ikikaa bure. Bado unabaki na muda wa kutosha. Mlaji mkubwa ni redio. Kupima ni rahisi, kufikiri ni rahisi, kusema ndiko ghali.

Basi kituo kifikiri kabla ya kusema. Maji yakiwa tulivu, kipimo cha kila dakika 15 kinatosha, na si lazima kila kipimo kitumwe. Maji yakianza kupanda kwa kasi isiyo ya kawaida, kituo chenyewe kiongeze mwendo, kipime kila dakika na kutuma papo hapo. Hata hivyo usikiache kinyamaze kabisa siku za shwari. Kitume salamu fupi mara kadhaa kwa siku pamoja na hali ya betri. Bila salamu hiyo huwezi kujua kama kimya ni cha usalama au kituo kimekufa, na katika kazi yetu hilo ni jambo la uhai wa watu.

Sasa bahari. Hapa ndipo wengi wanaokuja na michoro ya mito ya bara hupotea. Mombasa maji hujaa na kupwa mara mbili kwa siku, na wakati wa bamvua tofauti kati ya kujaa na kupwa hukaribia mita 4. Ukifunga kihisi kwenye mdomo wa mtaro unaomwaga hori la Tudor, halafu ukakipa kiwango kimoja cha hatari, kitapiga kelele kila mwezi mwandamo na kila mwezi mpevu, jua likiwaka na watu wakianua nguo. Baada ya miezi miwili hakuna atakayekisikiliza. Weka jedwali la maji kujaa na kupwa ndani ya programu, kituo kiondoe kwenye kipimo chake kiwango kinachotarajiwa saa ile, na kinachobaki ndicho ukitazame. Mvua kubwa maji yakiwa yamekupwa huenda ikapita baharini kimya kimya. Mvua hiyohiyo bahari ikiwa imejaa haina pa kwenda, kwa sababu mdomo wa mtaro umezibwa na maji ya chumvi, na mtaa unafurika kutoka ndani. Kwa hiyo kipimo cha mvua na cha bahari visomwe pamoja. Wavuvi wanayajua haya tangu utotoni. Kaa nao kabla ya kuandika programu.

Vihisi vya sauti, vinavyopima umbali hadi kwenye maji, navipenda kwa kuwa haviguswi na tope. Lakini mwendo wa sauti hubadilika na joto la hewa. Kihisi kilicho mita 3 juu ya maji, joto likitofautiana nyuzi 10 kati ya alfajiri na adhuhuri, kitakosea kama sentimita 5 usipokirekebisha. Kipimajoto kidogo kando yake, kilicho kivulini, kinamaliza tatizo. Na ufungue sanduku mara kwa mara. Utakuta vichwa vya nyaya za shaba vimeota ukungu wa kijani wa chumvi, na nyigu wamejenga nyumba ya udongo palepale sauti inapotokea. Paka mipira ya sanduku grisi, funika saketi kwa vanishi ya kuzuia unyevu.

Kuhusu vituo kupokezana ujumbe, mimi sipendelei hapa. Vituo vilivyo karibu na lango, yaani kifaa kinachokusanya ujumbe wa vituo vyote, hubeba mzigo wa wenzao na kumaliza betri kwanza. Kisiwa chetu ni kidogo, majengo marefu yapo, na redio za masafa ya chini ya gigahezi 1 huvuka hori vizuri. Lango moja juu ya paa na la pili la akiba, kila moja na betri yake, kwani umeme hukatika mvua inaponyesha. Pima mawasiliano bahari ikiwa imejaa na ikiwa imekupwa, maana uso wa maji hurudisha mawimbi ya redio na matokeo hayafanani. Mikoko nayo huyameza.

Tarehe 26 Desemba 2004 tsunami ilichukua saa nyingi kutoka Sumatra hadi kwetu. Kenya watu waliondolewa fukweni na akafariki mtu mmoja. Somalia, kwenye bahari ileile, walikufa karibu 300. Muda peke yake hauokoi, tahadhari lazima imfikie mtu. Kwa hiyo, kabla ya kufunga kituo cha kwanza, kaa na mzee wa mtaa, imamu na mchungaji, vijana wa Msalaba Mwekundu na viongozi wa wavuvi. Mkubaliane nani anapokea ujumbe saa nane za usiku, nani anashika kipaza sauti, watu wanakimbilia wapi. Andika ujumbe wenyewe kwa Kiswahili chepesi, utaje mtaa na njia ya kupita. Kisha fanyeni jaribio usiku, simu zilie kweli, na uone ni nani asiyepokea.