Barua kwa mwanangu: kabla hujashika penseli, uliza picha itakaa wapi

Kwa mwanangu mpenzi,

Wa alaikumu salaam, na marahaba. Huku Lamu sote hatujambo, alhamdulillahi, na baba yako akusalimu sana.

Ama baada ya salamu, barua yako nimeisoma. Wasema tangu uanze kuchora kwa kujitegemea hapo Malindi, mwezi huu umeletewa kazi nne zisizofanana: kitabu cha watoto, fulana za mashindano ya mashua, bango la kasa, na kibao cha duka la huku Langoni. Wenzako wakushauri ushike aina moja tu, maana mshika mawili moja humponyoka, nawe wataka kujua kama wasema kweli.

Zipokee zote. Pwani yetu haina wateja wa kumlisha mchoraji wa vitabu pekee, wala wa mabango pekee. Anayeanguka ni yule anayezichora zote kwa namna moja. Mteja atakueleza anachotaka kukiona: jahazi, mnazi, mtoto anacheka. Msikilize, kisha umuulize yale ambayo hakuyasema. Picha itachapwa juu ya nini? Kwa njia gani? Mtu ataitazama akiwa umbali gani? Itakaa muda gani juani? Hayo ndiyo yatakayoamua unene wa mstari, idadi ya rangi na hata bei.

Fulana zenyewe huchapwa kwa skrini, yaani wavu mwembamba unaopitisha wino, na kila rangi ina skrini yake. Mchoro wa rangi 6 ni skrini 6, na kwa fulana 40 gharama hiyo itameza faida yote. Chora kwa rangi 2, au 3 wakikubembeleza, na uiache rangi ya kitambaa nayo ifanye kazi. Fulana ikiwa nyeusi au buluu iliyoiva, rangi nyepesi hufifia juu yake, kwa hivyo mchapaji hutanguliza nyeupe chini. Nyeupe hiyo nayo ni skrini, ihesabu. Mstari usipungue nusu milimita, la sivyo wino huziba au haupiti kabisa. Rangi mbili zinapokutana, nyepesi iingie chini ya nzito kwa kiasi cha nusu milimita, kwa sababu kitambaa husogea kidogo mezani, na bila mwingiliano huo utaona ufa katikati. Rangi inayofifia polepole kutoka buluu hadi nyeupe iache: skrini haifanyi hivyo mpaka igeuzwe nukta, na nukta ndogo huziba upesi.

Halafu mashua. Watakaozivaa fulana hizo ni mabaharia, na baharia hutazama kamba kabla ya kutazama rangi. Mlingoti huinamia mbele. Foromali, ule mti unaobeba tanga, hukaa mshazari, ncha ya mbele iko chini karibu na omo, yaani mbele ya chombo, ya nyuma imepanda juu. Chini ya tanga hakuna mti: upindo wa chini uko huru, umeshikwa na kamba mbili, joshi mbele na demani nyuma. Wachoraji wanaonakili picha za mashua za Ulaya huuweka huo mti, na kazi yote huchekwa gatini. Kosa la pili ni bendera. Utaona tanga limejaa upepo wa kutoka tezi, yaani nyuma ya chombo, na bendera inapepea kuelekea tezi hiyo hiyo! Upepo ni mmoja, na bendera ifuate unakokwenda. Ule ubao wanaokalia mabaharia nje ya ubavu hutolewa upande unakotoka upepo. Ukiuchora upande wa pili, umewazamisha wote.

Bango la kasa lina adui mmoja, nalo ni picha za mtandaoni zilizoandikwa majina yasiyo yao. Waombe shirika walioagiza bango wakupe picha walizopiga wao wenyewe, na uwaulize ni kasa yupi. Kasa wa kijani ana jozi moja ya magamba kati ya macho. Kasa aitwaye ng'amba ana jozi mbili, mdomo wake ni mwembamba uliochongoka, na vigae vya mgongo hulaliana kama makuti ya paa. Wote wawili wana vigae vinne kila ubavu wa gamba. Ukichora vitano, huyo ni kasa mwingine kabisa. Mchoro wa penseli utiwe sahihi na mtaalamu wao kabla ya rangi. Kurekebisha gamba kwenye penseli ni dakika tano, kwenye rangi ya maji ni kuanza upya.

Kitabu ndicho kitakachokutesa. Kurasa za kitabu kinachopigwa pini katikati huenda kwa mafungu ya 4, kwa kuwa karatasi moja ikikunjwa mara moja hutoa kurasa 4. Chako ni cha kurasa 32. Basi chukua karatasi ya A3 uigawe viboksi 17: ukurasa wa kwanza na wa mwisho huwa peke yao, na katikati ziko jozi 15 za kurasa zinazotazamana. Toa zile za jina la kitabu na taarifa za uchapishaji, zilizobaki ndizo zako. Chora humo kwa ukubwa wa stempu, vijiti na maduara tu, kisha zitazame zote kwa pamoja. Ukikuta watu wote wamesimama kwa umbali mmoja toka mwanzo hadi mwisho, badilisha sasa. Jambo la kushtua liwe nyuma ya ukurasa wa kufunua, ukurasa wa kulia usilifichue mapema.

Usishike kazi hii kabla matini haijahaririwa. Mwandishi akiondoa mbuzi kwenye sura ya pili wakati wewe umekwisha mtia rangi mara sita, hakuna atakayekulipa kwa mbuzi huyo.

Mhusika mchoree karatasi yake: mbele, ubavu, mgongo, anacheka, amekasirika, na urefu wake kando ya mamake na kando ya punda. Andika namba za rangi za nguo. Bila karatasi hiyo, kofia itakuwa na mistari mitatu ukurasa wa 9 na minne ukurasa wa 20, na mtoto wa miaka 6 ataliona hilo kabla ya mhariri. Uso, mkono au neno lisikae kwenye mkunjo wa katikati. Acha sentimita 1 kila upande.

Waulize kama kitabu kitatoka pia kwa lugha nyingine. Kikiwa hivyo, maneno yote yawe meusi matupu, wala yasichorwe ndani ya picha. Kila wino una bamba lake la kuchapia, na mchapaji hubadilisha bamba la nyeusi peke yake na kuacha yale matatu ya rangi jinsi yalivyo. Neno jeupe ndani ya bahari ya buluu humlazimisha abadilishe mabamba yote, na lawama itakujia wewe. Acha pia nafasi ya ziada kando ya matini, kama sehemu moja kwa tano, maana sentensi haziwi na urefu sawa katika kila lugha.

Vipimo: ukurasa wa A4 ni milimita 210 kwa 297, lakini picha inayofika ukingoni huongezwa milimita 3 kila upande, ikawa 216 kwa 303, ili kisu kikipinda kidogo pasionekane mstari mweupe. Kwa nukta 300 kila inchi hiyo ni pikseli 2551 kwa 3579. Anza na ukubwa huo. Kukuza baadaye hakuongezi chochote ila ukungu.

Na bahari yako, mwanangu. Ile rangi ya maji ya Watamu saa sita mchana hung'aa kwenye kioo cha kompyuta kwa sababu kioo hutoa mwanga. Karatasi haina mwanga, ina wino nne tu: siani (buluu ya kijani), majenta (nyekundu ya waridi), manjano na nyeusi. Ukiigeuza picha kwenda rangi za uchapaji siku ya mwisho, bahari itakuwa na uso wa mgonjwa. Igeuze mapema, uondoe majenta na nyeusi zote kwenye maji, na mchanga wa jirani uutie joto kidogo ili buluu ionekane kali zaidi kuliko ilivyo. Kisha udai sampuli iliyochapwa, si picha ya sampuli kwa simu.

Kibao cha Langoni usikipake ukutani. Kuta zetu ni za matumbawe na chokaa, zina unyevu na chumvi. Rangi ya mafuta huufungia unyevu ndani, ikafura na kubanduka. Tena mji wa kale uko kwenye orodha ya UNESCO tangu 2001, uso wa nyumba hauguswi bila kuuliza wahusika. Chora ubaoni, pande zote mbili, uning'inie ukikata njia, kwa sababu kichochoro ni chembamba na watu huja kutoka ubavuni. Herufi za sentimita 5 husomeka vizuri kwa mita 6, na zaidi ya hapo huku kwetu kuna kona.

Sasa la mkataba, ambalo hukuliuliza. Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya 2001, kifungu cha 31, yasema kazi ikiagizwa na mtu ambaye si mwajiri wako, hakimiliki huhesabiwa imehamia kwake, ila mkiwa mmekubaliana vingine. Wachoraji wengi hudhani ni kinyume chake. Kwa hivyo ukinyamaza, umeuza kila kitu. Andika hivi, hata kama kazi ni ndogo: “Hakimiliki ya michoro inabaki kwa mchoraji. Mteja anaruhusiwa kuitumia kwenye fulana za mashindano haya pekee, zisizozidi nakala 40. Matumizi mengine yatalipiwa kando.” Kwenye kitabu taja lugha, nchi na miaka. Akitaka hakimiliki yote, mpe, lakini kwa bei nyingine.

Malipo yagawe mara tatu: arubuni kabla ya kuanza, fungu la pili penseli ikikubaliwa, la tatu kabla ya kukabidhi faili kubwa. Mabadiliko ni mara mbili, tena kwenye penseli. Baada ya rangi yana bei yake. Nembo ya mteja na faili zako zisitumwe WhatsApp kama picha, hubanwa zikaharibika. Zitumwe kama dokumenti. Anayekuambia uchore bure kwa kuwa atakutangaza, mwombee dua na umuage.

Kwa hizi nne, tanguliza fulana, siku ya mashindano haisogei. Wakati skrini zinatengenezwa, peleka penseli ya kasa kwa mtaalamu, maana yeye ndiye atakayekawia kujibu. Kibao kifanye katikati, kila koti la rangi ya mafuta hungoja kukauka hadi kesho yake, na saa hizo uchore viboksi vya kitabu. Mchapishaji akitaka kurasa zote kwa mwezi mmoja, mwambie miezi mitatu; akikataa, kitabu hicho kiache.

Wasalaam,
Mamako